Kabla Hujaweka Waifai Kwenye Mgahawa Wako, Soma Hii Kwanza

Wafanyabiashara wenzangu, hasa mama lishe, baba lishe, wenye vibanda vya chipsi na wenye migahawa midogo ya mtaani, leo nina neno na ninyi. Ni refu kidogo, lakini mimi lilinigharimu zaidi ya milioni moja na laki tatu. Nyie mnalipata bure, kwa hiyo vumilieni.

Kila siku nasikia watu wakishauriana: "Weka waifai, wateja watajaa." Mimi niliweka. Wateja walijaa kweli. Na nusura nifunge.

Maoni yangu nayasema mapema ili asiye na muda aondoke nayo: mwenye mgahawa anayetoa waifai anauza kiti, hauzi chakula. Kama hujui kiti chako kinaingiza shilingi ngapi kwa saa moja, usiweke. Na kama huna chakula hata kimoja ambacho mtu anakiwaza akiwa kazini, usiweke pia, maana waifai haitakupa.

Sasa nianze mwanzo.

Mgahawa wangu uko Sinza, mtaa wa ndani, karibu na gereji na mafundi cherehani. Nilianza na masufuria mawili na benchi moja chini ya mti. Leo nina banda la bati, meza sita, viti ishirini na vinne, na wasichana wawili wanaonisaidia. Asubuhi kuna mtori, supu, chapati na chai. Mchana kuna wali, ugali, maharage, samaki na mboga za majani. Jumatano na Ijumaa kuna makande ya nazi, na hayo makande ndiyo yaliyojenga hilo banda. Sitanii.

Kuna mzee mmoja, fundi cherehani, alikuwa mteja wangu tangu enzi za benchi. Kwao ni Same. Kila Jumatano na Ijumaa saa saba kasoro anafika, namwamkia, "Shikamoo mzee," anaitikia, anakaa kiti cha pembeni karibu na dirisha la jiko. Sahani ya makande, pilipili pembeni, chai ya rangi. Hasemi sana. Siku moja tu aliniambia, "Mama, nikila haya nasikia kama niko kwetu, mvua inanyesha." Mimi nikacheka, lakini maneno yale niliyaweka moyoni. Ukipata mteja wa namna hiyo jua una mali.

Mwaka juzi mtoto wa dada yangu, aliyekuwa anasoma chuo, alikuja kunitembelea. Akaangalia banda, akaniambia, "Mamdogo, hapa ukiweka waifai utaua. Vijana wote wa huku wanatafuta pa kukaa na laptopu zao." Nikamuuliza itakuwa shilingi ngapi. Elfu sabini kwa mwezi, na ruta tunanunua mara moja. Nikaona, aah, elfu sabini ni nini mbele ya vijana wote wa Sinza? Nikachukua mkopo kidogo kwenye kikoba chetu, nikaweka. Tukabandika karatasi mlangoni: WAIFAI BURE.

Jamani, wiki ya kwanza nilijiona tajiri. Saa tano asubuhi meza nne kati ya sita zimeshajaa. Vijana wasafi, wana heshima, wanaongea polepole, wengine wanapiga picha ya chapati kabla hawajaila. Jirani yangu wa chipsi akaniambia, "Dada, umefunga kazi." Nami nikaamini nimefunga kazi.

Kumbe nilikuwa nafunga mgahawa.

Mwezi wa kwanza nikasema biashara inabadilika, nivumilie. Mwezi wa pili nikaona mchele haupungui kwenye gunia kama zamani. Mwezi wa tatu nikashindwa kupeleka rejesho la kikoba. Miaka yote nilikuwa sijawahi kushindwa. Kukaa mbele ya wanawake wenzako na kusema "naomba mnivumilie wiki hii", halafu mmoja anakuuliza kwa upole, "Lakini si tunasikia kwako kunajaa?" Nilikosa jibu. Kweli kunajaa. Sasa hela ziko wapi?

Jibu nililipata kwa yule mzee. Nilishtuka siku moja kuwa sijamwona wiki mbili. Nikadhani anaumwa. Nikafunga sahani ya makande, nikampelekea kwenye cherehani yake. Nikamkuta mzima kabisa, anakula muhogo wa kukaanga kwenye karatasi. Nikamwambia, "Mzee wangu, umenisusa?" Akaweka muhogo chini, akaniambia, "Sijakususa mama. Mara ya mwisho nilikula nimesimama. Siku hizi kwako ni ofisi."

Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira ingekuwa nafuu. Nilirudi njiani nikikumbuka ile siku. Kweli nilimwona amesimama na sahani mkononi, nikamwambia "mzee subiri kidogo kiti kinatoka", halafu nikaingia jikoni nikasahau. Pale kwenye kiti chake alikuwa amekaa kijana mwenye soda moja tangu saa nne.

Usiku ule nikachukua daftari. Nawaonyesha hesabu yangu bila kuficha kitu, kwa sababu hii ndiyo sehemu ya kujifunza.

Kabla ya waifai, mchana, kuanzia saa sita hadi saa nane na nusu, nilikuwa nauza wastani wa sahani sitini na saba. Wateja wangu ni mafundi gereji, mafundi cherehani, bodaboda na wauza maduka. Mtu anakula dakika ishirini au ishirini na tano, anakunywa maji, anaondoka. Faida yangu kwa sahani, nikishatoa mkaa, mafuta, mchele na posho za wasichana, ni kama shilingi 800.

Baada ya waifai, sahani za mchana zikashuka hadi arobaini na tano. Pungufu ya sahani ishirini na mbili kwa siku. Zidisha kwa 800, unapata 17,600 kwa siku. Kwa siku ishirini na sita za kazi ni 457,600 kwa mwezi.

Vijana wa waifai walikuwa kama kumi na wawili kwa siku, wengi soda moja au chai na chapati. Faida kama shilingi 250 kwa mtu. Hiyo ni 3,000 kwa siku, au 78,000 kwa mwezi. Toa elfu sabini ya intaneti, inabaki elfu nane.

Yaani nilikuwa napoteza 457,600 ili nipate 8,000. Miezi mitatu. Pigeni hesabu wenyewe mtaona ile milioni na laki tatu nilikoitoa.

Tuiangalie kwa namna nyingine, kiti kwa kiti. Fundi gereji mmoja anakaa nusu saa, ananiachia 800. Kwa saa moja kile kiti kinahudumia watu wawili, kinaingiza 1,600. Kijana wa soda anakaa saa nne, ananiachia 250. Kile kiti kinaingiza shilingi sitini na kitu kwa saa. Kiti kilekile! Banda lilelile, kodi ileile. Tangu siku hiyo nasema kiti kina mshahara wake. Ukikiacha kilale mchana, unakilipa wewe.

Sasa msinielewe vibaya. Vijana hawakunikosea. Mimi ndiye niliyebandika karatasi mlangoni. Mtu akikwambia "karibu bure" ukaingia, huna kosa. Na wala sisemi waifai ni kitu kibaya, kwa sababu hadi leo ninayo na inaniingizia. Nitaeleza.

Kwanza tukumbushane kitu. Watu kukaa kwenye chakula kwa sababu ya habari si jambo jipya. Angalia kijiwe cha kahawa. Muuza kahawa anakuja na dele lake na jiko la mkaa, kahawa chungu, kashata pembeni. Wazee wanakaa saa nzima kwa kikombe kimoja kidogo, wanajua nani kafariki, mechi imeishaje, bei ya mchele imefikaje. Mbona yeye hafilisiki? Kwa sababu benchi si lake. Ni la baraza, au ni gogo tu chini ya mti. Hakilipii kodi kiti kile. Na hakuna mtu mwenye njaa anayesubiri kiti apate kula.

Huko London miaka ya 1680 kulikuwa na nyumba ya kahawa ya bwana mmoja, Edward Lloyd. Wenye meli, manahodha na wafanyabiashara walijaa pale kwa sababu kahawa yake ilikuja na habari za meli. Mwaka 1696 akaanza hata kutoa gazeti la habari hizo. Kutoka kwenye meza zile ndipo lilipochipuka soko la bima la Lloyd's, ambalo lipo hadi leo. Huyu alifanikiwa kwa sababu habari aliyotoa ilikuwa ya wateja wake hasa. Muuza nguo hakuhitaji habari za meli, na Lloyd hakumlenga muuza nguo.

Tuje karibu. Starbucks ya Marekani ilifanya waifai kuwa bure kwenye maduka yake ya kule tarehe 1 Julai 2010. Hapo jirani Nairobi, Java House ilianza mwaka 1999, na watu wengi wanaijua kama mahali pa kukaa na kompyuta ukafanya kazi. Sisi tunaona hayo tunaiga. Lakini tunasahau kuangalia bei ya kikombe. Kwenye migahawa ya aina hiyo kikombe kimoja cha kahawa yenye povu kinaweza kufika bei ya sahani zangu mbili za wali maharage. Kodi ya kiti imeshawekwa ndani ya kikombe. Mteja anajua, na mwenye duka anajua. Mimi kwenye chai ya shilingi mia tano nimeweka kodi gani? Sijaweka kitu. Na hata huko Marekani ipo migahawa iliyozima waifai au kukataza kompyuta mwisho wa wiki, kwa tatizo hilihili langu. Kwa hiyo tukiiga, tuige na hesabu.

Haya, nilifanya nini?

Jambo la kwanza nililofanya lilinifundisha kuliko yote. Niliuliza. Siku tatu mfululizo nilimuuliza kila mteja wa mchana, "Baba, dada, mwanangu, ungependa nikuongezee nini hapa?" Hakuna hata bodaboda mmoja aliyetaja waifai. Wana bando zao kwenye simu, na mchana hawana muda wa kukaa. Walichotaja ni hiki: mahali pa kuchaji simu, maji ya uhakika ya kunawa na sabuni, feni, na "mama, ongeza mchuzi". Kuchaji simu! Mtu amezunguka juani tangu alfajiri, simu imebaki na chaji kidogo, na simu ndiyo inayomwita kazi. Nikanunua soketi ndefu mbili za ukutani, nikaweka karibu na kaunta ninapoona mwenyewe. Gharama haikufika hata nusu ya mwezi mmoja wa intaneti. Bodaboda wakarudi.

Jambo la pili, niliangalia saa. Saa tatu asubuhi hadi saa tano na nusu nina viti vitupu. Saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni nina viti vitupu. Kiti kitupu mshahara wake ni sifuri, kwa hiyo hata shilingi sitini ni faida. Waifai nikaihamishia huko. Saa tano na nusu msichana wangu anazima mtandao wa wageni, na saa tisa anauwasha. Karatasi ya mlangoni ikabadilika: WAIFAI SAA 9 HADI SAA 12 JIONI. MCHANA NI CHAKULA.

Wapo waliokasirika. Kijana mmoja akaniambia, "Mama, unatufukuza." Nikamwambia, "Mwanangu sikufukuzi, nakupangia saa. Mchana njoo ule, jioni njoo ukae." Wengine hawakurudi. Wengi walirudi.

Jambo la tatu, jioni nikaipikia chakula chake. Hapo awali jioni nilikuwa nauza mabaki ya mchana, na kijana akiona wali uliopoa anaagiza soda. Sasa saa tisa vinatoka vitumbua vya moto, chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki, mihogo ya nazi, na chapati za kusukuma. Paswedi iko kwenye kadi ndogo inayokuja na oda ya kuanzia shilingi elfu moja na mia tano. Sisemi kwa ukali, kadi ndiyo inayosema. Leo jioni napata watu kama kumi na watano, kila mmoja ananiachia faida kama 600. Hiyo ni 9,000 kwa siku, 234,000 kwa mwezi. Toa elfu sabini, nabaki na 164,000 ambazo zamani hazikuwepo. Waifai ileile iliyokuwa inanifilisi.

Sasa tuje kwenye yale ya kiufundi, nayo niliyapata kwa kuumia au kwa kuelekezwa na fundi simu mteja wangu:

1. Tenganisha mitandao. Ruta nyingi zina sehemu ya mtandao wa wageni. Simu yako ya lipa namba na kompyuta ya hesabu visikae kwenye mtandao mmoja na wateja. Mimi miezi mitatu ya mwanzo tulikuwa wote humohumo, Mungu tu alininusuru.

2. Badilisha paswedi ya ruta yenyewe. Naongelea ile ya kuingilia kwenye mipangilio, mbali na ile ya waifai. Ruta nyingi huja na paswedi ya kiwandani ambayo kila mtundu anaijua. Asiyeijua anaisoma kwenye kibandiko chini ya ruta, kwa hiyo ruta isikae mezani.

3. Usiache mtandao wazi bila paswedi. Jirani wote watahamia kwako bila kununua hata andazi. Badilisha paswedi ya wageni kila wiki. Unaweza kuchapisha ile alama ya mraba ya kupiga picha kwa simu, mteja anaingia bila kuandika.

4. Weka kikomo cha kasi kwa kila mtu, kama ruta yako inaruhusu. Video moja ya picha safi inaweza kula megabiti tano kwa sekunde. Kama una kumi, wawili tu wakiangalia mpira wengine wote wanalalamika, na lawama ni kwako.

5. Ruta ikae juu, katikati, mbali na mabati na friji. Chuma kinazuia mawimbi. Mimi niliifunga nyuma ya kabati la vyombo, nikakaa nalaumu kampuni mwezi mzima.

6. Umeme ukikatika, ruta nayo inakufa. Kuna betri ndogo za ruta, si za bei ya kutisha, zinaishikilia kwa saa kadhaa. Kama waifai ndiyo biashara yako ya jioni, inunue.

7. Ukifikiria kuuza intaneti kwa vocha, jua hiyo ni biashara nyingine. Mambo ya mawasiliano yanasimamiwa na TCRA na yana leseni zake. Kaulize kwanza, usije ukapika maandazi kwa kesi.

Hayo ni ya mashine. Sasa nirudi kwenye sufuria, maana hapa ndipo nataka kuwaacha.

Tunahangaika sana na vya kuvutia macho: taa za rangi, ukuta wa kupigia picha, waifai, spika kubwa. Vyote vizuri. Lakini jirani yako anaweza kununua kesho asubuhi. Ruta anayonunua yeye na ninayonunua mimi ni ileile. Kitu ambacho jirani hawezi kununua ni makande yangu.

Makande ni chakula cha kumdharau kwa kumtazama. Mahindi na maharage, basi. Lakini nalala nimeloweka mahindi yaliyokobolewa. Yanaanza kuchemka alfajiri kwa moto wa mkaa, peke yake, kwa sababu mahindi yanachelewa kuliko maharage. Maharage yanaingia baadaye. Yakishaiva yote ndiyo kitunguu, nyanya, karoti kidogo. Tui jepesi linatangulia, tui zito linaingia mwisho na hapo hutoki kwenye sufuria, unakoroga taratibu, ukiacha tui linakatika na kazi ya usiku mzima imeharibika. Mwenye haraka anapika kwa mafuta na kiungo cha pakiti, na mlaji anajua papo hapo.

Dar es Salaam hii kila mtu katoka mahali. Mchagga akiona mtori anamkumbuka mama yake, maana ndicho chakula anachopewa mzazi akishajifungua. Mtu wa Kigoma mpe dagaa wake na ugali wa muhogo uone anavyokaa vizuri kwenye kiti. Mgogo muulize mlenda. Mtu wa Zanzibar akisikia pana urojo wa kweli atapanda daladala mbili. Hawa hawatafuti shibe tu, shibe ipo kila kona. Wanatafuta dakika ishirini za kuwa kwao. Hiyo ndiyo bidhaa yetu sisi wa migahawa midogo, na hoteli kubwa yenye waifai ya kasi inaweza isiwe nayo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni huu. Mwaka wa kwanza tafuta chakula chako kimoja. Kimoja tu, chenye siku yake, ambacho ukikikosa siku hiyo watu wanauliza. Mwaka wa pili hakikisha kuna maji ya kunawa, kivuli, feni na pa kuchaji simu. Halafu ukishajua mshahara wa kila kiti kwa kila saa, weka waifai kwenye saa ambazo viti vimelala.

Na ukibadilisha chochote, simama mlangoni saa saba mchana uangalie nani amesimama na sahani mkononi. Huyo ndiye anayelipa kodi yako.

Mzee wangu fundi? Nilipomaliza kupanga upya, nilienda tena kwenye cherehani. Nikamwambia, "Mzee, kiti chako nimekitoa kwa watu wa kompyuta, kiko kitupu kinakungoja." Akanitazama juu ya miwani, akasema atakuja akimaliza suti ya mtu. Ijumaa hiyo hakuja. Ijumaa iliyofuata pia hakuja, na mimi nikawa nakataa watu wasikae pale, wasichana wangu wakawa wananishangaa: kiti kina mshahara, mama mwenyewe unakiacha tupu?

Jumatano ya wiki ya tatu saa saba kasoro akaingia, na kijana anayemfundisha kazi. Sasa wanakuja wawili. Namtengea sahani kabla sijasikia shikamoo za wengine, pilipili pembeni, chai ya rangi.

Rejesho la kikoba nalo nilimaliza mwezi wa sita.

Sasa niambieni na ninyi. Kwenye mgahawa wako, chakula chako kimoja ni kipi, na kinatoka siku gani? Kama unapata shida kujibu, weka simu chini kwanza, ingia jikoni.